Marehemu Aliyefika Dirishani

Pensheni ya Bi Nyanzobe, mkunga mstaafu, ilikatwa. Alipokwenda kuuliza, Afisa Kipangula akamwambia kwamba kwenye daftari ameshakufa.

"Lete barua ya afisa wa serikali aliyekuona kwa macho yake u hai. Au lete beberu, nikufufue mwenyewe."

"Beberu sina, mwanangu. Basi niandikie kwamba umeninyima, nikawaonyeshe wajukuu."

Kipangula akaandika kwa madaha: "Leo Bi Nyanzobe amefika mbele yangu kudai pensheni, nimemkatalia." Akatia sahihi, akagonga muhuri. "Haya, marehemu, kapumzike!"

Bi Nyanzobe aliisoma mara mbili, kisha akairudisha dirishani.

"Barua uliyoitaka hii hapa. Au wewe si afisa wa serikali?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kipangula akamfufua bila beberu.