Ramani ya Kelele na Nyumba ya Mama

Hii nimeletewa leo, ikanikata maini. Isome taratibu, kisha mpe na mwenzako.

Gervas alikuwa mtaalamu wa ramani wa halmashauri. Alipewa kazi ya kuchora ramani ya kelele za barabara kuu: apite na mashine akipima hapa na pale, kisha aingize vipimo kwenye kompyuta. Penye kelele pangepakwa nyekundu, penye utulivu kijani. Na penye nyekundu ndipo ungejengwa ukuta wa kuwakinga watu.

Mama yake, Bi Tekla, aliishi mlimani Luhanga, pale malori yanapobadili gia yakinguruma.

"Baba, upime na kwangu," mama alimwambia. "Silali. Vikombe vinacheza kabatini."

Gervas akakuna kichwa. Alizijua ndimi za ofisini.

"Mama, wakiona nimepima kwetu watasema najipendelea. Vumilia kidogo."

Basi akapita bila kupima. Pengo lile akaiachia kompyuta ilikadirie kutokana na vipimo vya jirani: makaburini upande huu, msituni upande ule. Kompyuta nayo, haina masikio, ikaupaka mlima mzima kijani.

Ukuta ukajengwa kwingine. Gervas akasifiwa kwa uadilifu, na sifa zikamnogea hata akasahau vile vikombe.

Miaka mitatu baadaye akaenda kumsalimia mama. Akapiga hodi mara tatu, kimya. Akachungulia mlangoni, akamkuta anachambua mchele. Mama alipomwona uso ukamchanua.

"Karibu, baba! Mungu akubariki. Hukuniambia, lakini najua ni wewe. Siku hizi malori hayapigi kelele kabisa. Nalala fofofo."

Gervas akashusha pumzi, akaketi. Lakini yeye hakuwa amefanya lolote.

Mara lori likapanda mlima. Mabati yakatetemeka, vikombe vikagongana kabatini. Bi Tekla akaendelea kuchambua mchele wake, hata kichwa hakuinua.

Hapo Gervas akaelewa. Akainama, machozi yakamdondoka miguuni.

"Nisamehe, mama."

Mama akasogeza sikio. "Unasemaje? Ongea kwa sauti, baba. Siku hizi wote mnanong'ona."

Funzo: Usimnyime wako haki ya kila mtu kwa kuogopa maneno ya watu. Msikilize mzazi wako angali anakusikia.