Mbeleko ya Bi Mize Pimbi

Hapo zamani za kale, siku ambazo wanyama walioana bila kuulizana pembe wala mkia, alikuwapo Nyati mmoja mpole, jina lake Sefu. Mke wake alifariki na kumwachia ndama wa wiki tatu, jike, aitwaye Mwanaidi. Mungu huchukua, wanangu, na anapochukua hatuulizi, ila nyumba hubaki kubwa.

Basi Sefu akaoa tena. Akamwoa nani? Akamwoa Bi Mize Pimbi, mkazi wa jabali, mnyama mdogo ambaye ukimweka ndani ya kapu la sokoni anabaki na nafasi ya kujigeuza. Majirani walicheka siku tatu. Siku ya nne walichoka, kwa kuwa waliona yule ndama amenawiri.

Bi Mize alimlea Mwanaidi kama alivyojua. Alimtoa kupe masikioni, akamfundisha kusema bismillahi kabla ya kung'ata nyasi, akamwimbia mpaka usingizi unakuja. Masika tatu zikapita hivyo. Kisha Sefu naye akashikwa na homa, na Mungu akamwita.

Arobaini ilipokwisha, wakaja kaka zake Sefu, wawili, Bwana Kitwana na Bwana Pandu. Walikuja kumchukua mtoto wa ndugu yao. Ardhi ilitikisika walivyokuwa wakikaribia, gumu, gumu, gumu. Bi Mize hakubishana nao. Alijua kuwa mtoto ni wa ukoo, akamfungia nyasi za njiani, akamwombea dua, akamwacha aende. Alichoomba ni kimoja tu, aruhusiwe kwenda kumwona kila Ijumaa. Bwana Pandu akaangalia chini. Bwana Kitwana akasema watazungumza.

Ijumaa ya kwanza Bi Mize akateremka jabalini asubuhi, amebeba nyasi changa kichwani. Alifika kwenye ua wa akina Nyati adhuhuri, kwani miguu yake ni mifupi na njia ni ndefu. Akapiga hodi. Bwana Kitwana akaja kusimama langoni, na lango lote likajaa yeye.

"Shemeji Mize," akasema, "wewe ulikuwa mke wa marehemu. Marehemu hayupo. Basi na huo umama wa kambo umekwenda naye."

"Shemeji, mwenye kufa ni Sefu. Mimi sijafa, na mtoto hajafa. Ulezi umekufaje?"

"Huna damu yetu. Huna pembe. Hata mkia huna."

"Mkia sikuja nao, ni kweli. Nimekuja na nyasi."

Bwana Kitwana akazipokea zile nyasi na kufunga lango. Ndani, Mwanaidi alikuwa ameisikia ile sauti. Akaita mama, mama Mize, mara mbili, halafu Bi Mize akasikia anaambiwa anyamaze.

Ijumaa ya pili ikawa vilevile. Ijumaa ya tatu, Bwana Pandu alitoka kwa mlango wa nyuma, akamnong'oneza kwamba mtoto hali. Anawekewa majani mazuri, anageukia ua na kulala. Mbavu zimeanza kuhesabika. Yeye Pandu amemwambia kaka yake, lakini kaka akisema neno harudi nyuma, maana anaogopa aibu kuliko anavyoogopa kosa.

Bi Mize akarudi jabalini. Hakulia njiani. Alikuwa anafikiri, na pimbi akifikiri hutafuna meno, kiri kiri kiri. Kwa nguvu hamwezi Kitwana. Kwa maneno ya damu hamwezi pia, kwa kuwa damu kweli hana. Lakini alijua kuwa akina Nyati wanaogopa jambo moja duniani, nalo ni kuambiwa wameiacha mila.

Kesho yake akaenda kwa Mzee Korongo, mjumbe wa bonde lile, akafungua mbele yake kitambaa kilichokunjwa. Kilikuwa shuka la marehemu Sefu, limefifia rangi, limekazwa kwa mshono pembeni. Hiyo ndiyo ilikuwa mbeleko ya Mwanaidi.

Ilikuwa mila ya bonde lile, mtoto akihama kutoka nyumba ya mlezi mmoja kwenda ya mwingine, akabidhiwe pamoja na mbeleko yake mbele ya majirani. Anayempokea huifunga mbeleko, akaenda na mtoto toka langoni hadi kisimani na kurudi, na fundo lisifunguke. Likifika salama, mtoto amekwisha kuhama. Lisipofika, mtoto ana nyumba mbili bado. Walikuwa wakifanya hivyo kwa vichanga. Kwa ndama wa masika tatu hakuna aliyekumbuka kufanya, lakini hakuna pia aliyewahi kukataza.

Mzee Korongo akasimama kwa mguu mmoja, akafikiri, akasimama kwa mguu wa pili. Akakubali. Akatuma habari kwa Bwana Kitwana.

Bwana Kitwana aliposikia alicheka hadi matete ya ua yakayumba. Akasema kumbe Bi Mize amechoka, analeta mbeleko mwenyewe ili makabidhiano yaishe. Akajibu kwamba atambeba mtoto kisimani na kurudi, na akimaliza, Bi Mize asikanyage tena uani kwake. Mzee Korongo akauliza, na ikiwa atashindwa yeye, akaweza Bi Mize?

"Pimbi amchukue ndama wa nyati kwa mbeleko?" Bwana Kitwana akasema. "Mwandikie, mjumbe. Akiweza yeye, aje siku anayotaka, na lango nitalifungua kwa mkono wangu."

Jumatatu asubuhi bonde lote lilikuwa langoni. Ngiri alikuja na watoto wake saba kwa mstari. Kindi alipanda juu ya uzio apate kuona vizuri. Mwanaidi akatolewa ndani, amekonda, macho makubwa. Alipomwona Bi Mize alitaka kukimbia, lakini Bi Mize akamwashiria kwa kichwa atulie kidogo.

Bwana Kitwana akaanza. Akapiga goti, wakampandisha mtoto mgongoni, wakapitisha mbeleko. Ncha zake hazikukutana chini ya tumbo lake. Wakavuta huku, wakavuta kule, Bwana Kitwana akaambiwa aingize tumbo ndani. Akaliingiza, macho yakamtoka. Fundo likashika. Akasimama, akapiga hatua moja. Akapumua.

Puu! Fundo likaachia, Mwanaidi akateleza kwa nyuma akaangukia nyasi, na Bwana Kitwana akaangukia pua.

Akasema hiyo haihesabiwi, alikuwa hajajiandaa. Mzee Korongo akamruhusu tena. Mara ya pili alijaribu bila kupumua kabisa, akafika hatua tisa, akaishiwa pumzi na fundo likaachia. Bwana Pandu akaombwa ajaribu naye. Yeye ana mwili mwembamba, akafika karibu na mbuyu mchanga ulioko njiani, lakini mtoto alikuwa ananing'inia upande mmoja kama mzigo wa kuni uliofungwa na mtu mvivu, na fundo likamaliza lenyewe. Mwisho ndugu wawili wakasimama bega kwa bega, mtoto juu yao, mbeleko imepita juu ya wote. Hao walikwama langoni hata kabla ya kutoka. Kindi alicheka akaanguka kutoka kwenye uzio.

"Kaka," Bwana Pandu akasema kwa sauti ya chini, "sasa hapa tunatokaje?"

"Rudi nyuma."

"Nikirudi pembe yangu inakuchoma."

"Basi nichome, lakini turudi."

Walipokwisha kujinasua, Mzee Korongo akamwita Bi Mize. Watu wote wakasogea karibu. Baadhi walimwonea huruma, wakaanza kuangalia pembeni, maana si vizuri kumtazama mjane anapoaibika.

Bi Mize akaiokota mbeleko, akaikung'uta vumbi. Akamwendea Mwanaidi.

"Chuchumaa, mwanangu. Kama siku zote."

Mwanaidi akachuchumaa. Bi Mize akapitisha mbeleko chini ya tumbo la mtoto, akaileta juu ya mgongo, akafunga fundo lake, akaacha mfuko mdogo. Kisha akampanda mtoto kama anavyopanda jabali, tap tap tap, akajitumbukiza ndani ya ule mfuko, akabaki kichwa nje.

"Bismillahi," akasema. "Twende kisimani."

Wakaenda. Mwanaidi alitembea kwa hatua za taratibu, na Bi Mize alikuwa akimwambia kutoka juu, hapa kuna shimo, hapa pita kushoto, pale kuna mwiba. Alipomaliza kumwelekeza alimwimbia. Wakakizunguka kisima, wakarudi hadi langoni, na fundo likiwa vilevile lilivyofungwa.

Bwana Kitwana alikuwa wa kwanza kusema.

"Huu ni ujanja. Hajambeba. Kabebwa yeye!"

Mzee Korongo akajibu kwamba mila inataka mbeleko, mlezi na mtoto waende na kurudi, na fundo lisifunguke. Wamekwenda, wamerudi, na fundo yeyote aje alishike. Nani awe juu na nani awe chini, wahenga hawakuona haja ya kusema. Ngiri akasema hata yeye anaona hivyo, na watoto wake saba wakasema hata wao.

Bwana Kitwana akamgeukia Bi Mize. Sasa hakuwa na sauti ya langoni.

"Shemeji, niambie kweli. Hukumbeba hata siku moja?"

"Nilimbeba siku mbili," Bi Mize akasema. "Siku ya tatu alinizidi uzito. Nikaona, nisipopata njia nyingine, mtoto atakuwa hana mlezi na mimi nitakuwa nimevunjika mgongo. Toka siku hiyo miguu ikawa yake, macho yakawa yangu. Ndivyo tulivyolelewa sote wawili, shemeji."

Bwana Kitwana akainamisha pembe. Alikuwa mkubwa, lakini moyo alikuwa nao, ila haukuwa umeulizwa kitu kwa muda mrefu.

Mwanaidi akamsogelea, Bi Mize akiwa bado mgongoni.

"Baba Mkubwa usione haya," akasema. "Nikikua nitakubeba na wewe."

Bonde zima likacheka, na mwisho Bwana Kitwana mwenyewe akacheka, kicheko kikubwa kilichowaamsha vyura wa kisimani. Akaenda langoni, akalifungua kwa mkono wake kama alivyosema, akalifungua mpaka likagonga ua. Akamwambia Bi Mize aje kila Ijumaa, na siku za Sikukuu mtoto ataenda kukaa jabalini siku tatu, ila tu asimfundishe kuruka mawe. Bi Mize akasema hilo la mawe hawezi kuahidi.

Siku hiyo Mwanaidi alikula. Alikula majani ya asubuhi, akala ya adhuhuri, akala na yale ambayo Bwana Pandu alikuwa amejiwekea.

Ijumaa iliyofuata, Bi Mize alifika langoni akamkuta mtu amemtangulia. Alikuwa bibi mzaa mama wa Mwanaidi, nyati mkongwe wa upande wa pili wa bonde, ambaye siku zote hizo aliogopa kupiga hodi. Nyuma yake alisimama mjomba, na nyuma ya mjomba shangazi, yule aliyenyonya ziwa moja na Sefu. Bwana Kitwana akawatazama wote kwa zamu, akashusha pumzi, akamwita Bwana Pandu wafagie uwanja na kuongeza maji mtungini, kwa sababu mtoto wao ana wageni.

Basi wanangu, mtoto hapungukiwi kitu kwa kupendwa na wengi.