Mkwe Hajawahi Kuanguka

Wapendwa, hii siyo ile ya kwamba usipoituma kwa watu kumi utapata mkosi. Mikosi yenu mnayo wenyewe, mimi sitaki kuwaongezea. Soma tu mpaka chini, usiruke, na ukiona kuna mtu inamhusu, mrushie bila maelezo. Ataelewa.

Katika mji mmoja wa nyanda za juu, kule ambako watu huvaa masweta hata saa sita mchana, kuna kundi la watu wazima, wenye akili zao timamu, wanaotengeneza roboti za kupigana. Ndiyo, umesoma vizuri. Roboti yenyewe ni kigari kidogo, ukubwa wa beseni la kufulia. Kina magurudumu, kina silaha, na mwenyewe anakiendesha kwa rimoti akiwa amesimama nje ya ulingo. Vigari viwili vinaingizwa ndani, vinagongana. Kikishindwa kusogea mpaka mwamuzi akahesabu kumi, basi kimeshindwa. Hakuna anayelipwa. Ni raha tu, kama wengine wanavyofuga njiwa.

Wanakutana Jumamosi kwenye ghala la zamani la pareto. Na katika kundi hilo walikuwapo marafiki wawili. Mmoja ni Daktari Ambokile, daktari wa meno, mtu mrefu, mcheshi, anayependa kushinda hata kwenye kuosha vyombo. Mwingine ni Mwalimu Atuganile, mwalimu wa chekechea, mwanamke wa maneno machache ambaye kazi yake kutwa nzima ni kuinua watoto walioanguka na kuwapangusa vumbi.

Hao wawili walitengeneza roboti moja kwa pamoja, wakaiita Mkwe. Kwa nini Mkwe? Kwa sababu kwao mkwe hasogelewi ovyo. Mbele alikuwa na kisu kipana cha springi ya lori, kinachozunguka mpaka kinavuma. Hiyo ilikuwa kazi ya Daktari. Mgongoni alikuwa na mkono wa chuma, unaosukumwa na mota ya waipa iliyotolewa kwenye pikapu iliyokufa. Hiyo ilikuwa kazi ya Mwalimu.

"Huu mkono wa nini?" Daktari aliuliza siku ulipofungwa.

"Akipinduliwa chali, mkono unasukuma sakafu, anainuka."

"Nani wa kumpindua Mkwe?"

"Sijui," alisema Mwalimu. "Lakini watoto wangu wanaanguka kila siku, na sijaona hata mmoja aliyepanga."

Daktari alicheka, mkono ukabaki.

Sasa sikiliza desturi ya kundi lile, maana hapo ndipo mambo yalipojificha. Kombe lao ni mfuniko wa sufuria. Ule mkubwa, wa sufuria ya wali wa harusi. Kila mwaka mshindi wa fainali anapewa msumari, anakwaruza jina lake kwenye mfuniko mbele ya watu wote, na vigelegele vinapigwa. Na jina linalokwaruzwa ni moja tu, la aliyeshika rimoti.

Mkwe alishinda. Mwaka uliofuata akashinda tena. Rimoti ilikuwa mkononi mwa Daktari, kwa hiyo mfuniko ulisoma Ambokile, halafu Ambokile. Mwalimu alipiga makofi miaka yote miwili. Lakini mimi, ambaye nami ni wa kundi hilo, nilikuwa nimesimama karibu naye, na niliona alivyoutazama ule mfuniko. Jamani, kuna watu wanajua kunyamaza.

Mkwe akawa gumzo. Hakuwahi kupinduliwa hata mara moja. Na Daktari, kama ilivyo kwa sisi binadamu tukishaonja sifa, akaanza kutaka kisu kikubwa zaidi.

Tatizo likawa uzito. Roboti zote hupimwa kabla ya pambano, kwenye mizani ileile ya kupimia viazi, na ikizidi hata kidogo hairuhusiwi kuingia. Kisu kipya kilikuwa kizito. Lazima kitu kitoke.

Jumamosi moja, mbele ya kundi zima, Daktari akampindua Mkwe juu ya meza, akachukua spana, akaanza kufungua boliti za ule mkono.

"Daktari, unafanya nini?" Mwalimu aliuliza.

"Napunguza abiria. Huu mkono umekaa hapa miaka miwili haujafanya kazi hata siku moja. Anapanda bure, nauli halipi."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

"Na akianguka?"

"Mwalimu, Mkwe haanguki." Akautoa mkono, akamkabidhi. "Chukua, kaanikie nguo."

Watu wakacheka tena, ila safari hii kicheko kilikuwa kidogo. Mwalimu aliupokea mkono, akautazama, akaufunga kwenye kanga yake, akaondoka. Hakubamiza mlango. Afadhali angebamiza.

Tangu siku hiyo urafiki wao ukapoa. Wakikutana sokoni ni "habari," "nzuri," kila mtu na kapu lake. Daktari akawa anamtengeneza Mkwe peke yake, na kusema kweli upweke ulimpata vizuri. Alikosa wa kubishana naye.

Baada ya muda Mwalimu akarudi ghalani na roboti yake mwenyewe. Ilikuwa kituko! Imepakwa rangi ya kijani, imechorwa macho mawili na wanafunzi wake, moja kubwa, moja dogo. Ameiita Chura. Silaha ya maana haikuwa nayo. Ilikuwa na kabari mbele, ya kuingia chini ya mwenzake, na mgongoni ule mkono. Uleule.

Kisha tukapata habari. Mwalimu amehamishiwa Lindi. Ataondoka wiki ileile ya fainali. Kule pwani hakuna ghala wala mfuniko wala wendawazimu kama sisi.

"Nataka kitu kimoja tu kabla sijaondoka," aliniambia akikaza nati za Chura. "Jina langu kwenye ule mfuniko. Mara moja."

Alisema taratibu, lakini niliona alivyouma mdomo.

Mashindano yakaanza. Chura alipigwa, alirushwa, alipinduliwa mpaka watu wakachoka kumhurumia. Lakini kila akilala chali, mkono unatoka, unasukuma, huyo kasimama. Wapinzani wake walikuwa wakimpindua wanashangilia, na kabla hawajamaliza kushangilia Chura amekwisha kuwaingia chini na kuwasukumia ukutani. Watoto wa chekechea waliokuja na wazazi wao walikuwa wanaimba "Inuka! Inuka!" mpaka mabati ya ghala yanaitikia.

Akafika fainali. Na fainalini nani anamsubiri? Mkwe, na kisu chake kipya.

Siku hiyo ghala lilijaa. Mwamuzi alikuwa Mzee Kajuni, mstaafu wa reli, mwenye filimbi yake ya stesheni ambayo hakuirudisha alipostaafu. Daktari alisimama upande mmoja wa ulingo, Mwalimu upande wa pili. Hawakusalimiana.

Filimbi ikalia. Mkwe alikwenda moja kwa moja akampiga Chura kwa kishindo, akamrusha hewani. Chura akaanguka chali, mkono ukatoka, akainuka. Mkwe akampiga tena. Akainuka tena. Daktari akaanza kukasirika, nikaona. Akarudi nyuma mpaka mwisho, akajaza moto wote, akaja mbio.

Chura akakwepa.

Kisu kikagonga reli ya chuma ya ukingo wa ulingo. Kile kisu kilikuwa kizito mno, jamani. Nguvu yote aliyoikusudia kwa Chura ikamrudia mwenyewe. Mkwe akaruka juu, akajigeuza, akatua chali puu! Magurudumu yakabaki yanazunguka hewani kama ya baiskeli ya mtoto.

Mkwe ameanguka.

"Moja!" akaanza Mzee Kajuni. "Mbili!"

Daktari akawa anaitikisa rimoti kana kwamba ina mdudu ndani. Mkwe alikuwa anavuma, anatetemeka, haendi. Hakuna cha kumwinua. Cha kumwinua alikifungua mwenyewe kwa spana, mbele yetu sisi sote.

"Tatu! Nne!"

Mwalimu alichotakiwa kufanya ni kusimama tu. Asimame, asubiri, msumari aupate. Mimi nilikuwa nimeshaushika mfuniko, nataka kumpelekea.

"Tano! Sita!"

Chura akasogea. Tukadhani anakwenda kummalizia. Akazunguka mpaka upande wa nyuma, akaweka mgongo wake ubavuni kwa Mkwe, mkono ukatoka, ukasukuma. Mkwe akayumba, akasimama kwa magurudumu yake.

"Mwalimu!" nilipiga kelele. "Umerogwa?"

Daktari alikuwa amepigwa butwaa. "Kwa nini umefanya hivyo?"

"Mkwe nusu yake ni yangu," Mwalimu akajibu, macho yakiwa ulingoni. "Nimwache amelala chali mbele za watu? Endesha, Daktari, muda unakwenda."

Basi Daktari akaendesha. Na hapo nampa heshima yake, hakumdhalilisha Mwalimu kwa kumwonea huruma. Alipigana kweli. Alimng'oa Chura gurudumu moja likabingirika mpaka miguuni kwa Mzee Kajuni. Watoto wakaanza kulia. Mkwe akaja tena kumaliza kazi, kisu kikachota kona ya Chura, na uzito uleule ukamrudia. Akaruka, akageuka, puu. Chali tena!

"Moja!"

Na Chura, na magurudumu yake matatu, akaanza kuchechemea kwenda kwa Mkwe. Kila mtu akaona anachokuja kufanya.

"Nakuja, Daktari," akasema Mwalimu.

"Baki hapohapo!" Daktari alipaza sauti mpaka tukashtuka. Akaiweka rimoti chini sakafuni. Akainua mikono yote miwili. "Mzee Kajuni, mbona umenyamaza? Hesabu! Mbili!"

Mzee Kajuni kwa mshangao alikuwa amesahau kuendelea. Daktari hakumsubiri. "Tatu! Nne!" Akawa anahesabu mwenyewe, kwa sauti kubwa kuliko filimbi, anacheka na machozi yanamtoka. Watoto wakadakia. "Tano! Sita!" Ghala zima likadakia. Mwalimu amesimama na rimoti yake, hajui aweke wapi mikono.

"Kumi!"

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Daktari Ambokile.

Nikampelekea Mwalimu mfuniko na msumari. Akakwaruza jina lake taratibu, kwa ule mwandiko wa walimu wa ubaoni, Atuganile, kila herufi na nafasi yake. Vigelegele vikapigwa mpaka njiwa wakatoka darini.

Alipomaliza, Daktari akaomba msumari. Tukadhani anataka kutania. Akauweka mfuniko juu ya goti, akatafuta pale palipoandikwa Ambokile kwa mara ya kwanza, na pembeni yake akakwaruza: na Atuganile. Akashuka kwenye la pili, akakwaruza vilevile. Mwandiko wa madaktari mnaujua, lakini siku hiyo ulisomeka.

"Desturi inasema jina moja," Mzee Kajuni akanong'ona.

"Kwenye desturi hiyo tulikosea," akasema Daktari. "Mwalimu, niliufungua mkono wako mbele ya watu hawa. Basi nakuomba radhi mbele yao hao hao. Nilikukosea."

Mwalimu akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mimi nilikuwa nimekusamehe siku nyingi, Daktari. Ila nilitaka kwanza nikushinde."

Ghala likaangua kicheko. Nawaambia, jioni ile chai ilinyweka na viazi vikaliwa kama kuna harusi, na hao wawili walikaa benchi moja wanabishana kuhusu mota mpaka wenye ghala walipotufukuza.

Siku ya safari tulikwenda kumsindikiza Mwalimu. Mizigo ilikuwa imeshapakiwa. Akafungua mkoba wake, akatoa kitu kilichofungwa kwa kanga, akampa Daktari. Ulikuwa ule mkono.

"Sasa Chura atafanyaje?" Daktari aliuliza.

"Nitamtengenezea mwingine. Huu niliutengeneza kwa ajili ya Mkwe, toka mwanzo. Mimi naondoka, Daktari. Ukianguka sitakuwapo. Huu ubaki."

Daktari akaupokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea mtoto mchanga.

"Ni abiria tu huyo," Mwalimu akamtania.

"Huyu?" akasema Daktari. "Huyu ndiye mwenye gari."

Mkwe yupo hadi leo. Kisu chake kimepunguzwa, mkono umerudi mgongoni, na boliti zake zimechomelewa ili hata mwenyewe akipandwa na wazimu asiweze kuzifungua. Tangu hapo ameanguka mara nyingi tu. Kila akiinuka, Daktari anapiga picha, anaituma Lindi.

Funzo: Anayekuinua utamwona mzigo siku zote ambazo umesimama. Usimwondoe maishani mwako kwa sababu tu hujaanguka bado. Na kama ulimdharau mbele ya watu, haki yake mrudishie mbele ya watu wale wale.