Kiti cha Mfalme Malekano

Hii nimetumiwa na shemeji yangu. Imenifurahisha mno, nikaona si haki kuiacha ilale kwenye simu yangu. Ukiisoma, mpelekee na mwingine.

Nchi ya Uzirani ilikuwa na mfalme aliyeitwa Malekano. Alikuwa mtu mwema, ila mgongo ulimtesa. Kigoda alichorithi kilikuwa kigumu, na kila alipomaliza kusikiliza kesi ilibidi watu wawili wamwinue.

Siku moja mjumbe wa nchi jirani akamletea kiti kikubwa cha ngozi laini, kinanesa, na kina mahali pa kuegemeza kichwa.

"Mfalme wetu anakusalimu," akasema. "Hataki kitu. Ni upendo tu."

Malekano akakikalia. Mgongo ukatulia kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, na machozi yakamlengalenga.

Lakini Uzirani kulikuwa na sheria. Zawadi yoyote ambayo mwenye madaraka anapewa na nchi ya nje huwekwa sokoni itumiwe na watu wote, isipokuwa Baraza likimruhusu aichukue. Mfalme hakuwa na wasiwasi, maana Baraza lilimpenda. Akaenda kuomba mwenyewe.

Mkuu wa Baraza alikuwa Bi Sikitu, mfinyanzi wa vyungu. Akamuuliza, "Baba, mgongo unauma?"

"Unauma sana, mama."

"Pole. Na yule jirani amejuaje kwamba unauma?"

"Hilo sijui, mama."

"Basi hatukuruhusu," akasema Bi Sikitu. "Utusamehe."

Sisemi uongo, mimi ningekichukua kile kiti nikawaambia wanipishe. Malekano alinuna siku tatu, hata uji hakumaliza. Siku ya nne akaamuru kiti kipelekwe sokoni, akarudi kwenye kigoda chake akiguna.

Baada ya mavuno mjumbe akaja tena. Safari hii alikuwa na haja. Nchi yake ilitaka kuchimba mfereji na kuugeuza mto, na mto huo ndio ulionywesha mashamba yote ya mpunga ya Uzirani.

Alipokwisha kueleza, akatabasamu. "Mfalme, kile kiti kinakufaa?"

"Sijui. Twende tukamuulize anayekikalia."

Wakaenda sokoni. Kwenye kiti walimkuta mama mmoja muuza dagaa, mjamzito, amenyoosha miguu anakula muhogo. Watu kumi na mmoja walikuwa kwenye foleni wakimsubiri ainuke. Malekano akamweleza kiti kimetoka wapi, na mgeni amekuja kuomba nini.

Yule mama akamgeukia mjumbe. "Asante kwa kiti, baba. Kimenisaidia kweli. Ila mto hapana."

Foleni nzima ikaitikia, "Hapana!"

Mjumbe akacheka kwa aibu. "Nimegawa viti kama hiki kwa wafalme sita," akasema. "Wote walinikubalia kabla sijamaliza chai. Mmoja hata hakuuliza ni mto gani."

Malekano alijijua. Angekuwa amekikalia miezi yote ile, wa saba angekuwa yeye. Akammwagia mgeni maneno mazuri, akamsindikiza hadi mpakani, na mto ukabaki ulipo.

Aliporudi barazani, kigoda hakipo. Mahali pake pana kiti kipya cha mninga, kimechongwa na fundi wa mjini, na mto wake wa kuegemea umejazwa sufi na kushonwa na akina mama.

"Baraza limeruhusu?" akauliza kwa woga.

"Hiki ni cha nchi, baba," akasema Bi Sikitu. "Wewe kikalie. Na atakayekuja baada yako atakikalia."

Malekano akakaa. Kiti kikalia kwii! Watu wakacheka, naye akacheka kuwashinda. Jioni ile alipomaliza kesi aliinuka mwenyewe, bila kushikwa mkono na mtu.

Funzo: Sheria inayomkataza kiongozi kujichukulia zawadi za wageni haimnyimi raha yake, bali inamlinda ili siku ya kusema "hapana" aweze kuisema.