Pengo Kwenye Mstari wa Mashavu

Hapo zamani, na msinicheke, maana zamani yangu hii ina kompyuta, aliishi Mtakuja mwanamke aitwaye Mwamvita. Alijifungua mtoto wa kike asubuhi, na kufika adhuhuri damu ilikuwa ikimtoka haikatiki. Akasikia daktari akisema, "Tunataka damu ya kundi O hasi, na upesi!" Hospitali haikuwa nayo hata chupa moja. Mwamvita akamkumbatia mwanawe akilia. Aliogopa kufa kabla hajampa hata jina.

Wauguzi wakakimbilia kwa Sikitu, karani wa kumbukumbu pale hospitali. Jamani, Sikitu yule! Kompyuta yake ilimjua kila mtu aliyewahi kupimwa damu katika kata nzima. Akaiuliza: nipe mwenye O hasi, na awe anakaa Mtakuja, na penye homa ya ini, maana mwenye nayo hatoi damu, pasiwe na "ndiyo". Ikajibu: hakuna.

Mwingine angekata tamaa. Sikitu akajipiga paji la uso. "Lo! Hii ikikuta pengo, mahali pasipojazwa, haisemi ndiyo, haisemi siyo. Inamruka mtu!" Akaongeza: au pawe wazi. Weee! Ikamletea nusu ya kata, hata wenye damu za makundi mengine. Akasonya, akayafunga hayo masharti mawili ya homa ya ini pamoja ndani ya mabano, ili ile "au" isiyafute mengine, akauliza tena. Likatoka jina moja: Mashavu, muuza vitumbua wa stendi.

Pengo lile aliliacha muuguzi Chausiku. Miaka minane nyuma mume wa Mashavu alikufa kwa homa ya ini, na Mashavu, aliyekwisha kupimwa kundi la damu, akagoma kupimwa ugonjwa huo. Wauguzi wengine wakamwambia Chausiku, "Si umwandikie ndiyo tu, yaishe?"

"Siandiki nisichokijua," akasema, akaacha wazi.

Basi Mashavu akafuatwa pale pale kwenye karai lake. Miaka minane hakutaka kujua! Akafuta mikono, akasema, "Nipimeni. Mtoto wa mwenzangu asikose mama kwa sababu ya woga wangu." Akapimwa, majibu yakatoka: hana. Akalala kitandani, akatoa damu, na Mwamvita akapona.

Siku ya saba wote watatu wakaja kumwona mtoto, na kila mmoja anataka awe somo yake, aitwe jina lake.

"Mimi nisingeuliza vizuri," akasema Sikitu, "Mashavu angekuwa anageuza vitumbua vyake, hana habari."

"Na mimi ningeandika ndiyo," akasema Chausiku, "ungeuliza mpaka vidole viote sugu, shoga yangu, na jina lisingetoka."

"Haya, ulizeni, andikeni," akasema Mashavu. "Lakini damu haikutoka kwenye kompyuta, na ule woga niliumeza mimi."

Mwamvita akawatazama, machozi yakamlengalenga. Aliwapenda wote watatu, na kwao mtoto hupewa jina moja tu.

Haya, ninyi mlioketi hapa, msitazamane: kati ya Sikitu, Chausiku na Mashavu, nani alistahili mtoto aitwe jina lake?