Kibuyu cha Mama Togolai

Hapo zamani, si zamani sana, kengele ya kanisa letu huko milima ya Upare ilipokuwa bado kipande cha reli kilichoning'inizwa, aliishi mjane aitwaye Mama Togolai. Sogeeni. Hii si ya kusikiliza huku mnapiga soga.

Katika ukoo wake mzazi hakubariki kwa maneno matupu. Alipiga funda la maji ya kibuyu, akampulizia mtoto kifuani, ndipo akasema, "Mungu akutangulie." Wachungaji waliikuta desturi hiyo, wakaongeza sala, na hapakuwa na ugomvi.

Mama huyo alikuwa na watoto wawili, Togolai na Navoneiwa. Navoneiwa aliolewa kimyakimya, bila kumpigia mama magoti. Mama akaapa, "Aliondoka bila maji yangu. Akae bila maji yangu." Ikapita miaka kumi na mitano. Navoneiwa akazaa, akajenga, akaimba kwaya, lakini kila watu walipoinamisha vichwa kupokea baraka kanisani, yeye alilia.

Kisha mama akapatwa na kiharusi. Ulimi ukafa, mdomo ukaenda upande. Navoneiwa akarudi. Akamwogesha, akamlisha uji, akamgeuza kitandani, siku arobaini, wala hakuomba kitu. Siku iliyofuata, baada ya ibada, akapiga magoti.

"Mama, nilikosa. Nibariki."

Mama alimtazama usoni. Halafu akanyoosha mkono wake mzima kuelekea kwenye kibuyu.

Lakini Togolai naye alikuwa amepiga magoti pale mbele ya kitanda, kwa sababu mzazi akikaribia kufa mzaliwa wa kwanza hubarikiwa kwanza, na siku hiyo aliingoja tangu utotoni. Akaona mama hana nguvu za kubariki wawili. Akainuka, akasogea kando.

"Mama, zamu yangu mpe Navo."

Mama akapiga funda. Maji yakamchuruzika shavuni. Akapiga tena, yakachuruzika tena. Navoneiwa akafunika uso.

Ndipo akaingia Naetwe, mke wa Togolai. Huyu, mama mkwe hakuwahi kumwita mwanangu hata siku moja, alimwita "yule wa jikoni." Naetwe akapanda kitandani, akamwegemeza mama kifuani mwake, akauziba kwa kiganja ule upande wa mdomo uliolegea. Mama akapiga funda la tatu. Maji yakakaa.

Puu! Yakamwangukia Navoneiwa kifuani. Na ule ulimi uliokufa ukasema, wazi kabisa, tukasikia sote: "Mungu akutangulie, mwanangu." Kisha mama akafumba macho, hakuyafumbua tena. Nilikuwa mlangoni. Nilikaa chini vumbini papo hapo, na mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Mungu alikuwa chumbani mle, nawaambia.

Sasa sikilizeni. Katika ukoo ule, aliyeiwezesha baraka ya mwisho ndiye hurithi kibuyu, na ndiye hubariki watoto wote wa nyumba ile kwa niaba ya marehemu. Matanga yakaisha, wakakaa kuzungumza.

Navoneiwa akasema, "Niliyemlainisha moyo ni mimi. Angekuwa na mdomo mzima na moyo uleule wa zamani, mngengoja mpaka lini?"

Togolai akasema, "Mimi nilitoa kilichokuwa changu. Wewe dada umebarikiwa. Mimi nitaingia kaburini bila maji ya mwisho ya mama. Kipi kimezidi hicho?"

Naetwe alipoulizwa akasema, "Moyo ulilainika, zamu ikatolewa, na maji bado yakamwagika. Hakuniita mwanangu, ni kweli. Lakini neno lile lilipita kiganjani mwangu. Nililisikia lina joto."

Wakamwita mchungaji. Akavua miwani, akaifuta, akaifuta tena, akasema hilo Mungu hakumwonyesha.

Jumamosi akaja Nakiete, binti wa Navoneiwa, amevaa gauni jeupe, kesho yake anapokea kipaimara. Kibuyu kilikuwa mezani, kimejaa. Mtoto akapiga magoti katikati ya sebule, akafumba macho. Mikono mitatu ikanyooka. Mikono mitatu ikasita.

"Nani ananibariki?" akauliza mtoto.

Haya, ninyi mlio wepesi wa kuhukumu, msinitazame mimi. Mtoto bado yuko magotini. Je, nani alistahili kukishika kibuyu kile?