Sale la Chini

Ilikuwa Jumanne, tarehe 11 Juni 2019. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani hadi kwenye migomba, na manyunyu hayakukatika tangu alfajiri. Naitaja hali ya hewa kwa sababu bila baridi ile msingekuwa na la kuniuliza leo. Jana darasani mlimsikia Mwalimu Penieli akisema, "Mpaka haufi kwa kung'oa sale moja," nanyi mkadhani ni maneno ya mababu, kwa kuwa wao ndio waliotufundisha kupanda mmea wa sale kuonyesha mpaka. Si ya mababu. Mimi nilikuwepo methali hiyo ilipozaliwa, na chanzo chake ni hiki.

Kikundi chetu cha akina mama wa usharika kilikuwa na kiatamizi, mashine ya kutotolesha vifaranga. Siku hiyo kilibeba mayai mia sita, yote yakiwa katika siku ya kumi na tisa kati ya ishirini na moja. Joto, feni na unyevu, vyote viliamriwa na kompyuta ndogo iliyofungwa ubavuni mwake, isiyozidi ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Alfajiri umeme ulikatika na kurudi mara nyingi, na kulipokucha diski ya kompyuta ile ilikuwa imekufa. Mashine nzima ikawa sanduku tu.

Anansia, mwenyekiti wetu, ndiye aliyetubembeleza miaka miwili tukubali kuwa mashine inaweza kuatamia vizuri kuliko kuku. Alilifunika lile sanduku kwa mablanketi, kisha akavua na kanga yake ya begani akaiongeza juu.

"Kifaranga wa siku ya kumi na tisa ana moyo tayari," alisema. "Ikifika saa sita hatujawasha, nitawazika mia sita."

Tukamwita Penieli. Wakati huo alikuwa fundi kijana wa mjini, akitufundisha kompyuta jioni mara mbili kwa wiki. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake mkongwe kuliko wote. Nilianza nikiwa na miaka hamsini na tisa, baada ya kumwomba Mungu muda mrefu anipe akili ya kuelewa mambo ya wajukuu wangu. Alikuja na diski nyingine, iliyotoka katika kompyuta ya zamani, na mfumo wa kiatamizi akiwa nao ndani ya flashi.

Hakuacha kutufundisha hata siku hiyo. Alisema diski hugawanywa kwanza kama shamba: sehemu hii ya mfumo wenyewe, sehemu ile ya kumbukumbu za joto. Mwanzoni mwa diski pana ukurasa unaoonyesha kila sehemu inaanzia wapi na kuishia wapi. Akaufuta ukurasa wa zamani, akagawa upya, akaanza kuweka mfumo. Mashine ikakataa. Kioo kikaandika kwamba sehemu za diski zinaingiliana. Akafuta tena, akagawa tena, kosa likawa lile lile. Mara ya tatu alibadilisha flashi, mara ya nne akabadilisha waya. Ikawa saa nne na nusu. Mimi nilishika ukingo wa meza nikiomba kimoyomoyo: Bwana, kama kuna jambo ninalolijua, nikumbushe.

"Hizo sehemu zinazoingiliana ni ngapi?" nikamuuliza.

"Mbili zangu na tatu za zamani. Lakini za zamani nimezifuta, Mama Ndeshi. Mara nne nimezifuta."

"Umezifutia wapi?"

"Mwanzoni, kwenye ukurasa wake."

"Na mwishoni?"

Akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Mama, hii ni diski, siyo kihamba cha marehemu Baba Ndeshi."

Wenzangu wakacheka naye, maana kesi yangu ya kihamba, shamba letu la migomba, waliijua wote. Mume wangu alipofariki, shemeji yangu aling'oa sale la juu, akalihamishia hatua kumi ndani ya kihamba changu. Wazee walipokuja hawakubishana naye. Waliteremka hadi mferejini, mwisho wa chini wa kihamba, wakalikuta sale la chini limesimama palepale, wakauona mpaka umepinda. Shemeji akarudi kwake.

"Ndicho ninachokuuliza," nikamwambia. "Shemeji yangu naye alikuwa na hakika kama wewe. Aliyeigawa diski hii zamani, aliweka alama upande mmoja tu?"

Penieli akaacha kucheka. Akatazama kioo, kisha akanitazama mimi.

"Kuna nakala," alisema polepole. "Ule ukurasa una nakala yake mwisho kabisa wa diski. Mimi nafuta wa mwanzo, mashine inasoma wa mwisho na kuzirudisha zile tatu."

"Basi teremka mferejini, baba," Anansia akamwambia, "na usitembee polepole."

Akaandika amri ya kusoma mwisho wa diski, na kweli, sehemu tatu za zamani zilikuwa zimekaa pale kama wenyeji. Akafuta mwanzo, akafuta na mwisho. Akagawa. Mstari wa kijani ukaanza kutembea kwenye kioo: kumi, arobaini, tisini, mia. Saa tano na robo feni ikanguruma. Anansia akaweka kiganja kwenye tundu la hewa, akakiacha hapo hadi kipimajoto kilipofika thelathini na saba. Nilianza sala ya shukrani lakini sikuimaliza, kwa kuwa vigelegele vilinizidi sauti.

Alhamisi mayai yakaanza kupasuka. Tulipata vifaranga mia tano sabini na wanane. Jumapili, baada ya ibada, Anansia alileta maboksi mawili yenye kelele mbele ya usharika, mchungaji akashukuru, kisha akamwomba Penieli aseme neno.

Penieli aliinua mkono wa kuume.

"Kazi hii nimeisomea miaka mitatu," alisema, "na aliyenitoa shimoni ni mwanafunzi wangu, tena nikiwa nimemcheka. Mbele ya mchungaji na mbele yenu nyote naahidi: kila diski itakayopita mikononi mwangu nitaisoma mwanzo na mwisho kabla sijaigawa, na kila darasa nitakalolifundisha nitaliambia neno hili: mpaka haufi kwa kung'oa sale moja."